Mashine ya dopla ipo, anayeijua hayupo: idara za mionzi Arusha na Moshi tunakwama wapi?

#1 Mwanakiboriloni
Wakuu, salaam.

Niko idara ya mionzi kwenye hospitali moja ya ukanda huu, jina liacheni. Nina hoja, njooni mnipinge.

Juzi nimepokea tena mgonjwa aliyeandikiwa CT anjiografia ya miguu yote miwili, yaani picha za mishipa kwa CT baada ya kusukumiwa dawa. Mama wa miaka sitini na kitu, kisukari cha muda mrefu, kreatinini imeshapanda (figo zimechoka), kidonda kwenye kidole gumba. Nikauliza dopla yake iko wapi, ile ultrasaundi inayopima mwendo wa damu kwenye mshipa. Hakuna. Hata presha ya kifundo cha mguu hajapimwa. Nikampigia aliyemwandikia, akanijibu bila kumung'unya: "Dopla zenu siziamini. Leo mshipa umeziba, kesho mwenzako anasema uko wazi."

Na haki anayo kiasi. Ultrasaundi yenye dopla siku hizi iko mpaka vituo vya mtaani, Ngarenaro kote na Majengo kote. Nyekundu na bluu kila mtu anaiwasha. Ila mwambie aliyeiwasha akusomee wimbi la mtiririko, akutajie kasi ya damu na pembe aliyoweka, ataanza kutafuta simu mfukoni.

Madai yangu: tatizo si mashine. Upimaji wa mishipa haufundishwi kama kazi yenyewe, unaokotwa kwa kumchungulia aliyekutangulia. CT inapendwa kwa sababu picha inatoka hata kama aliyebonyeza hajui anatafuta nini. Mnaonaje?

#2 Chalii wa Kijenge
Siti ya mbele. Muuza kahawa pita huku.

#3 Fundi Vifaa Tiba
Napinga nusu. Mleta uzi unasema si mashine, umeshaangalia inakuja na probu gani, kile kishikio kinachowekwa mwilini? Mimi ndiye ninayeitwa zikigoma. Nyingi zilinunuliwa wakifikiriwa wajawazito. Unakuta probu moja, ile ya tumbo iliyopinda, basi. Probu nyoofu ya megahezi 7 kwenda juu ni ya kuagiza pembeni, na ukipeleka bei yake kwa mhasibu anakuuliza kwani hiyo ya kwanza imekufa.

Sasa mtu aonaje vena za shavu la mguu kwa probu ya megahezi 3.5? Kuna kituo nimekuta probu nyoofu ipo, kebo imefungwa plasta ya wodini, nusu ya picha ina mistari meusi. Mpimaji ananiambia "nimeizoea". Ameizoea!

#4 Nesi wa Zamu
Mnabishana probu, wodini tuna kijana wa bodaboda, mguu una plasta, paja limevimba tangu Ijumaa mchana. Dopla "mpaka Jumatatu, dokta wa dopla amesafiri". Anachomwa sindano za kuzuia damu kuganda wikiendi nzima kwa kudhaniwa tu. Jumatatu ikionekana hakuna kitu, ndugu wanatuuliza hizo sindano walilipia nini. Jibu lake mnampa nani?

#5 Dokta wa Usiku
Nesi, hapo ndipo ninapogombana na watu wa mionzi kila siku. Kutafuta damu iliyoganda mguuni hakuhitaji profesa, na rangi wala huiwashi. Mlaze mgonjwa, mguu ugeuke nje kidogo, goti likunjwe. Jeli kwenye kinena. Probu nyoofu ikate mshipa, isiufuate. Utaona miduara miwili. Bonyeza. Mmoja unabaki mviringo na unadunda, hiyo ateri. Wa pili unafumba mpaka kuta zinagusana, hiyo vena nzima. Ukibonyeza mpaka ateri nayo inaanza kubonyea na vena bado imefumbua jicho, kuna bonge ndani. Shuka kidogo kidogo, kisha rudia nyuma ya goti.

Intani wangu wanafanya hivyo usiku, idara ya mionzi ikiwa na kufuli.

#6 Mwanakiboriloni
Dokta, ulichoeleza ni sahihi, ila umekata kona. Sehemu mbili hizo hazioni shavu la mguu. Ndiyo maana kipimo kikitoka safi na shaka bado ipo, kinarudiwa baada ya siku 5 hadi 7, maana bonge la chini linaweza kupanda. Hao unaowapima saa nane za usiku halafu wanarudi Rombo, wangapi unawaona tena?

La pili, bonge likiwa juu ya kinena, ndani ya nyonga, utabonyeza nini? Hapo ndipo wimbi linapotakiwa. Unasikiliza vena ya kinena kulia, kisha kushoto. Ya upande mzima inapanda na kushuka na pumzi. Ya upande ulioziba juu inatambaa tu, haina habari na pumzi. Mjamzito mwenye mguu wa kushoto uliovimba wote ukimbonyeza sehemu mbili ukamruhusu, umecheza na moto.

Na picha zako ziko wapi? Hujahifadhi hata moja.

#7 Dokta wa Usiku
Picha ziko kwenye mashine ambayo idara yenu imeifungia. Njoo na funguo nikuoneshe.

#8 Mzee wa Chumba cha Giza
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimestaafu lakini mada hii inaniwasha.

Enzi zetu kuona mshipa ilikuwa shughuli. Tunatoboa ateri ya kinena, tunapitisha waya, juu ya waya mpira, dawa inasukumwa, filamu zinapigwa mfululizo halafu mimi nakimbilia chumba cha giza. Njia hiyo ya waya ilitoka kwa Msweden, Seldinger, mwaka 1953, na mpaka leo wanaozibua mishipa wanapita humo humo. Mgonjwa analala chali masaa na mfuko wa mchanga kinenani. Nyie mnapata mshipa bila kumwaga tone la damu, halafu mnagombea funguo.

Lakini naona mmeruka hatua. Vidole! Kabla ya dopla, kabla ya CT, gusa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Fomu ngapi zinakuja hapo mionzi zimeandikwa mapigo yapo au hayapo? Zamani daktari akileta fomu haina hilo, bosi wetu anairudisha na mgonjwa wake.

#9 Mangi Asiye na Kihamba
Meku, ukiirudisha fomu leo unaitwa mjeuri kwenye grupu la WhatsApp la hospitali.

#10 Binti Machame
Niko mafunzoni, chuo nakiacha.

Si kweli kwamba haufundishwi. Fizikia ya dopla tunaijua mpaka ndotoni. Kinachokosekana ni mkono juu ya mgonjwa. Asubuhi benchi limejaa wajawazito, matumbo, matiti, tezi dume. Dopla ya shingo ikitokea, mkufunzi anaichukua mwenyewe kwa sababu ataimaliza kwa dakika 20 na mimi nitakula saa nzima. Nabaki nyuma ya bega lake. Kwenye logibuku inaandikwa "nilishuhudia". Ukishuhudia dopla mia bado hujapima hata moja.

Na dopla haisamehi. Watu wanaona namba kwenye skrini wanaiamini kana kwamba imepimwa kwa rula. Chukueni hesabu: pembe halisi kati ya mlio na mtiririko ni digrii 60, wewe ukakilaza kimstari chako cha pembe kwenye 65. Mashine itakuongezea kasi kwa kama asilimia 18. Damu inayokwenda sentimita 110 kwa sekunde inasomeka 130. Mgonjwa amehamia kundi jingine la ugonjwa kwa digrii 5 za kidole chako. Ndiyo maana tunaambiwa 60 isivukwe. Ukisimama wima kabisa, 90, mashine haisikii kitu, damu inapita na skrini ni nyeusi. Kuna mishipa imetangaziwa msiba ikiwa hai, kosa ni pembe tu.

#11 Jiwe la Meru
Binti umenena. Nakazia: kwenye mshipa wa shingo, kasi ikivuka sentimita 125 kwa sekunde basi umeziba asilimia 70, mpeleke kwa wapasuaji moja kwa moja.

#12 Binti Machame
Hapana kaka. 125 ni mlango wa asilimia 50. Kwa makubaliano ya chama cha wataalamu wa ultrasaundi wa Marekani, Society of Radiologists in Ultrasound, yaliyochapishwa 2003: chini ya 125 mshipa ni mzima au umeziba chini ya nusu, 125 hadi 230 ni asilimia 50 hadi 69, zaidi ya 230 ndiyo 70 kwenda juu. Na ukikaribia kuziba kabisa kasi inaweza kushuka tena, namba ikakudanganya kwamba mambo ni shwari. Lazima uangalie na picha yenyewe, utando wa mafuta kwenye ukuta wa mshipa uko kiasi gani.

#13 Jiwe la Meru
Aliyetufundisha ndiye alisema 125. Mkamateni yeye, mimi nilikuwa mwanafunzi.

#14 Mwanakiboriloni
Mmeona? Huyo ni mtu wa fani, na hajatunga, kafundishwa hivyo. Idara moja ina karatasi ya 2003 ukutani, ya pili ina namba alizokuja nazo mtu kutoka kozi nje ya nchi, ya tatu wanaandika "mtiririko uko vizuri" bila namba yoyote. Daktari wa wodi akipokea ripoti tatu za hospitali tatu, akimbilie wapi? CT.

#15 Chalii wa Kijenge
Swali la mtu wa mtaani. Bibi yangu amekataa dopla, kasikia kanisani inaunguza damu. Si mionzi hii? Nyie wa Tume ya Atomu hapo Njiro mko humu?

#16 Fundi Vifaa Tiba
TAEC, hiyo Tume ya Atomu, wako hapo hapo Arusha, ndiyo, na wanasimamia eksirei na CT chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003. Ultrasaundi ni sauti, chalii wangu. Ya juu mno sikio halisikii. Inakwenda, inagonga chembe za damu, inarudi na mlio uliobadilika. Chembe zikija kwako mlio unapanda, zikienda unashuka, mashine inageuza tofauti hiyo kuwa kasi. Ule mvumo wa kuvuta na kusukuma unaousikia kwenye spika ndiyo tofauti yenyewe. Mwambie bibi atachafuka jeli tu, na itakuwa baridi.

#17 Mangi Asiye na Kihamba
Na nyekundu si ateri, bluu si vena, tuwaambie na hilo. Ni inayokuja kwenye probu na inayokwenda. Ukigeuza probu na rangi zinageuka. Kuna mtu niliwahi kumsikia anamwambia mgonjwa "damu yako chafu ni nyingi, ona bluu yote hii". Mgonjwa akaenda kununua majani ya kusafisha damu stendi.

#18 Mzee wa Chumba cha Giza
Huyo Doppler mwenyewe hakuwa na habari na damu. Alikuwa Praga mwaka 1842, anaeleza rangi za nyota pacha. Aliyekwenda kuijaribu kwenye sauti ni Mholanzi, Buys Ballot, mwaka 1845. Alipandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, wengine wenye masikio ya muziki wakakaa kando ya reli wakisikiliza sauti inavyopanda treni ikija na kushuka ikipita.

#19 Chalii wa Kijenge
Hiyo sisi tunaiweza! Treni ya abiria imerudi Moshi 2019, Arusha 2020, na vikundi vya tarumbeta vya KKKT viko kila usharika. Wapandisheni pale stesheni ya Moshi, Binti Machame akae Usa River na logibuku yake. Atie saini "nilifanya mwenyewe".

#20 Binti Machame
Treni ile kwa mwendo wake sauti haitapanda wala kushuka, tutaandika mshipa umeziba.

#21 Kanula ya Kijani
Nimecheka, sasa nirudi kwenye dharau ya mleta uzi. Eti CT picha inatoka hata kama aliyebonyeza hajui. Njoo ubonyeze basi.

Mgonjwa wa anjiografia anateremshwa na kanula ya bluu, ile nyembamba, mgongoni mwa kiganja. Nawaambia wodi kila siku: nataka kijani, namba 18, kwenye mkunjo wa kiwiko. Ikishindikana kabisa pinki. Nasukuma dawa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Kwa bluu hiyo, mkono unajaa dawa chini ya ngozi mgonjwa anapiga kelele, na mishipa kwenye picha haina kitu.

Haya, kanula imepatikana. Naweka alama kwenye aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, mashine inachungulia pale kila baada ya muda mfupi mpaka weupe ufike kiwango nilichopanga, ndipo meza itembee. Miguu ndiyo balaa. Upande mzima dawa inafika mapema, upande ulioziba inajikokota. Meza ikiipita dawa, unapata mshipa mweusi kuanzia goti kushuka, na kesho yake mtu anaandika umeziba. Haujaziba! Dawa ilikuwa bado iko njiani. Anayejua anajipanga kupiga mara ya pili kutoka goti kwenda chini papo hapo. Hilo nani alifundishwa? Tangu hospitali za rufaa za mikoa zipate CT kwa zile fedha za UVIKO-19, mashine zimetangulia watu.

Halafu wagonjwa wa kisukari wana chokaa kwenye kuta za mishipa, chini ya goti inang'aa mpaka huoni kama katikati kuna njia. Kwa hiyo yule mama wa bandiko #1, hata angepigwa CT, huenda tungebaki tunabishana. Na figo zake je? Mchujo wa figo ukiwa chini ya 30 mimi sisukumi dawa mpaka daktari aje tuongee.

#22 Mwanakiboriloni
Kanula, nimekusikia bosi wangu, yaishe. Ila umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Kumbe hata CT haijafundishwa.

#23 Mhasibu Mstaarabu
Nimetajwa huko juu, nimekuja. Mnazunguka mbuyu, kiini ni hela. Kwenye hospitali niliyopo, bei ya dopla ya miguu na bei ya ultrasaundi ya tumbo hazijapishana kitu, ila dopla moja inakula muda wa matumbo matatu. Mkuu wa idara anapimwa kwa makusanyo ya siku. Wewe ungepanga dopla ngapi asubuhi? Nunua probu kumi, somesha watu ishirini, kama bei ni hiyo watapima matumbo.

#24 Nesi wa Zamu
Kwa hiyo bodaboda wangu kakosa dopla kwa sababu ya matumbo. Haya.

#25 Dokta wa Usiku
Mhasibu ana hoja, lakini hajafafanua kwa nini hospitali za dini, za serikali na binafsi, zenye bei tofauti kabisa, zote zina "dokta wa dopla" mmoja anayesafiri. Mimi naona ni woga wa kugawana. Ujuzi umekaliwa na mtu mmoja, akiugawa thamani yake inashuka.

#26 Mzee wa Chumba cha Giza
Au hakuna aliyemtafutia wa kumrithi. Nimefanya kazi na mmoja wa aina hiyo, AMO (daktari msaidizi) wa mionzi, mikono ya dhahabu. Alikuwa anasubiri kuletewa mtu wa kumfundisha. Hakuletewa. Akastaafu, mashine ikafunikwa shuka. Usiite woga kila kitu, kijana.

#27 Jiwe la Meru
Na sheria je? Sheria ya wataalamu wa radiolojia na picha za tiba ni ya 2007, ina baraza lake. Radiografa, yaani mpiga picha, akipima vizuri, ripoti anasaini nani? Nchi nyingine mpimaji wa ultrasaundi ya mishipa ni fani nzima, na cheti chake. Huku ama wewe ni radiolojisti, daktari bingwa wa mionzi, ama unapima kwa kujificha nyuma ya jina la mwingine. Nani atajituma kujifunza kitu asichosaini?

#28 Binti Machame
Hapo kaka umepiga msumari. Naongeza: Muhimbili kule Dar mafunzo ya wanaotibu kwa kupitia mishipa yalianza 2019, na wale dopla wanaijua, kwa sababu sindano yao inaingia wakiwa wanatazama skrini. Wakifanya kazi na wewe mwezi mmoja unabadilika. Nafikiri hilo ndilo linakosekana huku. Hatuna anayeitumia ripoti yetu papo hapo akarudi kutuambia tumekosea. Nikiandika "umeziba asilimia 60" hakuna anayefungua mshipa ule kuhakiki.

#29 Mama Eliya
Samahani wataalamu, naingilia. Mwanangu ana selimundu, miaka 6. Kliniki wamesema apimwe kasi ya damu ya kichwani. Ni hii dopla mnayosema? Mwaka jana mwenzake wa darasani alipata kiharusi, sina raha.

#30 Dokta wa Usiku
Mama Eliya, pole kwa hofu. Ndiyo hii hii, na kwa watoto wenye selimundu ni kipimo cha maana sana. Probu inawekwa kwenye panja, mbele ya sikio, juu kidogo ya shavu, pale mfupa ni mwembamba. Hakuna sindano. Kasi ya wastani ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi. Utafiti uliochapishwa Marekani 1998 ulionesha kuongezewa damu mara kwa mara kunaipunguza hatari hiyo mno. Kati ya 170 na 199 anafuatiliwa kwa karibu. Hupimwa kuanzia miaka 2 hadi 16. Yuko umri sahihi, mpeleke.

#31 Mwanakiboriloni
Naongezea kwa anayepima, si kwa mama. Hizo 200 zilitoka kwenye mashine isiyo na picha, ya sauti tu. Ukitumia ultrasaundi ya kawaida yenye picha, namba zinatoka chini kwa kama asilimia 10, wengine wanashusha kikomo mpaka 185 hivi. Nina hakika kuna watoto wa 190 wameambiwa waje mwakani.

Mama Eliya, Eliya asiwe amelala wala analia wakati wa kupimwa, na kama ana homa siku hiyo sema, vyote vinabadilisha kasi. Mchukulie katuni kwenye simu. Na uliza kliniki kuhusu haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kama hajaanza.

#32 Mama Eliya
Asanteni. Wapi wanapima?

#33 Mwanakiboriloni
Nimekutumia PM.

#34 Nesi wa Zamu
Mleta uzi, nirudi kwa yule mama wa kisukari. Kwa nini sisi manesi tusipewe ile dopla ya kalamu? Ni ndogo, inaingia mfuko wa koti, mashine ya presha tunayo. Mwanafunzi wangu mmoja alioneshwa asubuhi, jioni alikuwa anapata sauti ya unyayo bila msaada.

#35 Dokta wa Usiku
Nakuunga mkono kwa mikono miwili. Presha ya kifundo gawanya kwa presha ya mkono, ile ya juu. Chini ya 0.9, ateri ina tatizo. Fundisha kliniki nzima ya kisukari, mionzi wabaki na wagumu.

#36 Kanula ya Kijani
Ngoja. Kisukari ndiyo pale pale inapodanganya. Mishipa yenye chokaa haibanwi na mkanda wa presha, unapata 1.4 na zaidi, unashangilia wakati kidole kinaoza. Kwa hao inapimwa presha ya kidole gumba, uwiano wake na ya mkono chini ya 0.7 si mzuri. Na mkanda mdogo wa kidole hamna.

#37 Nesi wa Zamu
Wimbi tunalisikia hata kama namba inadanganya. Mshipa mzima unapiga mara tatu, kwenda, kurudi kidogo, kwenda. Ulioziba juu unavuma mara moja tu, mvivu. Sikio halina chokaa.

#38 Fundi Vifaa Tiba
Nesi apewe idara.

#39 Mhasibu Mstaarabu
Apewe, ila bei ya kipimo tuiingize wapi? Si ultrasaundi, si maabara.

#40 Mzee wa Chumba cha Giza
Ingiza kwenye "kumgusa mgonjwa".

#41 Mangi Asiye na Kihamba
Wakuu, naomba kutoka kidogo nje ya mada. Nina rafiki yangu, yuko Himo, korodani ya kushoto inamvuta jioni akisimama sana dukani, na juu yake anahisi mishipa imejikunjakunja. Ameoa miaka miwili, mtoto bado. Dopla inahusika hapo?

#42 Chalii wa Kijenge
Rafiki yako.

#43 Mangi Asiye na Kihamba
Rafiki yangu, ndiyo.

#44 Binti Machame
Inahusika. Probu nyoofu ile ile, apimwe amelala kisha amesimama, aambiwe akaze pumzi tumboni. Vena zikizidi milimita 3 na damu ikirudi nyuma anapokaza, ndiyo zenyewe, vena za korodani zilizovimba. Aende na kipimo cha mbegu, maana wengi wanazo na watoto wanapata. Ila akiambiwa upande wa kulia peke yake ndio una tatizo, asiondoke bila kuangaliwa na tumbo.

#45 Mangi Asiye na Kihamba
Ahsante dada. Ni lazima apimwe na dokta wa kiume?

#46 Nesi wa Zamu
Mwambie rafiki yako anayepima dopla ukanda huu mzima ni mmoja, na sasa hivi amesafiri. Akirudi achague kama ana muda wa kuchagua.